Simba wa Shanga, ng'ombe wa Karagwe na kiatu cha Baniani

Wahenga wa pwani walituachia methali ambayo hata sisi watu wa ziwani tunaitumia: Baniani mbaya kiatu chake dawa. Maana yake unaijua. Mtu mwenyewe humpendi, ila kitu chake unakihitaji. Kwa wasiojua, Baniani ni jina la zamani la pwani la Mhindi wa dini ya Kihindu, kumtofautisha na Mhindi Mwislamu. Siku hizi tumewachanganya wote, tukawaita Wahindi, basi, yamekwisha.

Leo nataka tuzungumze kuhusu kitu kingine cha Baniani, ambacho si kiatu. Ni sanamu za shaba za miungu yake, na jinsi zinavyosubiwa. Najua kuna watakaouliza: wewe kijana wa Kitendaguro, kwenu Bukoba mna migomba na mibuni, sanamu za Kihindu zinakuhusu nini? Vuta subira. Nitakupeleka India, nikurudishe Lamu, halafu twende Maruku na Karagwe. Tukifika huko utaona kwamba swali wanaloulizwa watu kila kinapofukuliwa kitu kizuri cha kale ni lile lile tuliloulizwa sisi wa Kagera: nani aliwaletea?

Tuanzie kwenye karakana. Kusini mwa India, katika jimbo la Tamil Nadu, kuna mji mdogo unaoitwa Swamimalai, karibu na Kumbakonam, jirani na mto Kaveri. Mafundi wa pale wanaitwa sthapati, na ufundi wao wanaurithishana katika familia. Asili yake ni enzi za wafalme wa Chola, waliotawala sehemu zile kuanzia karne ya 9 hadi ya 13. Mfalme Rajaraja wa Kwanza alipokamilisha hekalu kubwa la Thanjavur mwaka 1010, sanamu za metali zilizotolewa kwa hekalu hilo ziliorodheshwa kwa maandishi yaliyochongwa kwenye kuta zake. Yule mungu Shiva unayemwona kwenye picha akicheza ndani ya duara la moto, mguu mmoja juu, ambaye wenyewe wanamwita Nataraja, umaarufu wake ulitokana na mafundi wa zama hizo.

Sasa sikiliza jinsi kazi inavyokwenda. Haianzi na shaba, inaanza na nta. Fundi anachukua nta ya nyuki, anaichanganya na utomvu mgumu wa mti, kitu kama sandarusi yetu ya pwani, pamoja na mafuta kidogo ya karanga. Anapata nta inayofinyangika bila kulegea ovyo. Kisha anachukua ukuti wa mnazi, anaukata urefu sawa na sanamu anayoitaka, halafu anaukunja na kuukunja tena. Mikunjo ile ndiyo rula yake. Vitabu vya kale vya ufundi vimeshapanga kila kitu: kwa mungu mkubwa, urefu wote unagawanywa sehemu 124, uso unapata sehemu zake, shingo zake, goti zake. Hakuna kubahatisha!

Anafinyanga mwili, mikono, vidole, mikufu, taji, vyote kwa nta. Akimaliza anaifunika kwa udongo. Tabaka la kwanza ni udongo laini kabisa wa mto, ambao unaingia kwenye kila mkunjo na kila shanga. Unaachwa ukauke. Linafuata tabaka la pili, halafu la tatu la udongo mzito uliochanganywa na mchanga. Kalibu ikiwa kubwa hufungwa kwa waya au fito za chuma ili isipasuke, na tundu linaachwa. Kisha inawekwa motoni, na kuni zake ni samadi kavu ya ng'ombe. Nta inayeyuka kwenye joto la nyuzi 60 na ushei tu, inatiririka nje kupitia lile tundu. Kilichobaki ndani ni nafasi tupu yenye umbo la mungu.

Hapo sasa ndipo shaba inapoingia. Kwa desturi wanasema metali tano: shaba ndiyo nyingi kuliko zote, halafu shaba ya manjano, risasi, na chembe za fedha na dhahabu. Shaba tupu inahitaji nyuzi 1085 ndipo iyeyuke. Na kwa kuwa shaba ni nzito takriban mara tisa kuliko nta, fundi anapima nta yake mwanzoni, anajua kwamba kila kilo moja ya nta itadai kilo 8 mpaka 10 za metali. Anaimimina bila kukatiza. Akisita katikati, kazi yote imeharibika. Sanamu hizi kwa kawaida hazina uwazi ndani, ni metali tupu kuanzia ngozi mpaka moyoni.

Ikishapoa anachukua nyundo na kuivunja kalibu. Naam, anaivunja! Kalibu moja, sanamu moja. Akitaka nyingine inayofanana nayo, anaanza upya na nta. Baada ya hapo ni kazi ya tindo na tupa, siku nyingi, na kusugua mpaka ing'ae. Macho ndiyo yanayochongwa mwisho, kwa ibada maalumu. Kwa Mhindu, kabla ya ibada kile ni chuma tu cha fundi. Baada ya ibada ndipo mungu anapokaa humo, na watu wanaweza kumwogesha, kumvalisha na kumtembeza mitaani siku ya sikukuu. Wanaosema Wahindu wanaabudu chuma wangejua jambo hili wangepunguza maneno.

Nimekueleza yote haya kwa sababu moja. Kitu kilichosubiwa kwa nta kina mambo matatu ndani yake: sura, madini na mkono. Sura ni mtindo wake. Madini ni kile kilichoyeyushwa. Mkono ni wa yule aliyefinyanga nta. Mambo hayo matatu si lazima yatoke sehemu moja. Ukiangalia sura peke yake ukasema "hiki ni cha Wahindi" au "hiki ni cha Waarabu", umesoma theluthi moja ya barua.

Sasa twende Lamu. Kwenye kisiwa cha Pate, kaskazini mwa pwani ya Kenya, yapo magofu ya mji wa Shanga. Mji ule ulianza karne ya 8 na ukahamwa mwanzoni mwa karne ya 15. Katika miaka ya 1980 mwanaakiolojia Mwingereza Mark Horton aliuchimba kwa misimu kadhaa. Aliyoyakuta yalitikisa vitabu. Chini ya msikiti wa Ijumaa wa mawe alikuta mabaki ya misikiti mingine, mmoja juu ya mwingine, na ya chini kabisa ilikuwa midogo, ya miti, ya karne ile ile ya 8. Alikuta pia vijisarafu vya fedha vyenye majina ya watawala wa hapo hapo. Yaani ule ulikuwa mji wa Waafrika Waislamu waliojenga kwa miti na udongo kwanza, kisha kwa mawe ya matumbawe, hatua kwa hatua. Haukushushwa na jahazi kutoka Uarabuni ukiwa umekamilika.

Na katika mji huo wa Kiislamu, kwenye tabaka la takriban mwaka 1100, akakuta simba. Simba mdogo wa shaba, urefu wake sentimita 6 hivi, unaweza kumfumbata kiganjani. Mwaka 1988 Horton na T. Richard Blurton waliandika habari zake kwenye jarida la Antiquity. Sura yake ni ya Kihindi, inafanana na vijisanamu vya ibada vya nyanda za Deccan. Katika dini ya Kihindu simba si mnyama wa pambo tu. Ndiye anayepandwa na mungu mke Durga akienda vitani.

Je, ni mali ya Baniani aliyekuwa akiishi Shanga na kufanya ibada yake chumbani kwake, huku adhana ikisikika nje? Au alisubiwa hapa hapa pwani, na fundi aliyejua mtindo wa Kihindi? Na hapo kuna utamu zaidi: imewahi kupendekezwa kwamba shaba yake huenda ilitokana na sarafu za Kichina zilizoyeyushwa. Hebu fikiria! Sura ya India, madini ya China, na mkono ambao huenda ulikuwa wa mtu wa kwetu, katika mji wa Waislamu, Afrika. Sasa niambie, simba huyo ni wa nani?

Wale wanaopenda majibu mafupi wamepata kazi zaidi tangu mwaka 2023, jarida la Nature lilipochapisha utafiti wa vinasaba kutoka mifupa ya watu 80 wa kale, wengi wao wa miji ya pwani yetu. Wengi wa watu wale walikuwa na asili mbili. Upande mmoja ni wa Kiafrika, na huo ulitoka hasa kwa mama. Upande wa pili ni wa Asia, uliotoka hasa kwa wanaume wa Uajemi, pamoja na sehemu ndogo ya Kihindi. Mchanganyiko wenyewe ulianza kama mwaka 1000. Kwa hiyo simba wa Shanga alipozikwa mchangani, damu ya India ilikuwa tayari inaingia katika familia za Waswahili. Mgeni alishaanza kuwa mjomba.

Na usidhani bidhaa zilikuwa zinakuja upande wetu tu. Mwaka 1154, mwanajiografia al-Idrisi, akiwa Sicily kwa mfalme Roger, aliandika kwamba watu wa Malindi walikuwa na machimbo ya chuma, na kwamba chuma cha Sofala kilipelekwa India kwa sababu ya ubora wake, kikafuliwa panga huko. Umeona? Wao walileta sura ya simba, sisi tulipeleka chuma. Biashara ni kupokea na kutoa.

Chuma kile kilikuwa cha pwani, sisemi kilitoka Kagera. Lakini kikitajwa chuma, mtu wa Bukoba hawezi kukaa kimya. Kutoka hapa Kitendaguro si mbali kufika Katuruka, kule upande wa Maruku. Hapo palikuwa na mti mtakatifu, na mahali penyewe panaitwa Kaiija, pahali pa mfua chuma. Wazee walisimulia kwamba mfalme Rugomora Mahe aliwaweka wahunzi pale wamjengee mnara wa chuma wa kufika mbinguni. Wengi wangesema hiyo ni hadithi ya kulalia watoto. Mmarekani Peter Schmidt aliwasikiliza wazee, akachimba pale walipomwonyesha, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Akakuta mabaki ya kazi ya chuma ya zamani mno. Vipimo vya mkaa vilimpa tarehe zinazorudi nyuma mpaka karne kadhaa kabla ya Kristo, na wapo wataalamu waliobishana naye juu ya zile za mwanzo kabisa. Lakini kwamba Buhaya ilifua chuma tangu zamani sana, hilo halina ubishi tena.

Mwaka 1976 Schmidt na mwenzake Donald Avery waliwaomba wazee waliowahi kuyeyusha chuma ujanani wajenge tanuri upya. Wazee wakachimba shimo, wakalizungushia udongo wa kichuguu, wakalijaza majani ya kinamasi yaliyochomwa nusu. Juu yake wakapandisha ukuta wa udongo na mavi ya chuma ya zamani. Kewa za udongo ziliingizwa ndani kabisa ya tanuri, na mivukuto ikapulizwa bila kupumzika. Kwa kuwa kewa zilikaa ndani ya moto, Schmidt na Avery waliona kwamba hewa ilikuwa inapashwa joto kabla haijafika kwenye mkaa. Waliandika hayo kwenye jarida la Science mwaka 1978. Wenzao walibishana nao pia juu ya hiyo hewa moto, ndiyo desturi ya wasomi. Kilichotoka tanurini, hata hivyo, wote walikiona: donge la chuma lenye sehemu za chuma cha pua.

Angalia tofauti na Swamimalai. Chuma kinahitaji nyuzi 1538 ndipo kiyeyuke kama maji, kwa hiyo mhunzi wa Kihaya hakukimimina kwenye kalibu. Alikitoa kikiwa donge, akakifua kwa nyundo. Lakini kuna yanayofanana: siri ya fundi inayobaki katika ukoo, udongo uliochaguliwa kwa makini na miiko. Mhunzi wetu akiwa kwenye kazi ya tanuri alijitenga na mkewe, kwa sababu tanuri lenyewe lilikuwa kama mwanamke anayetaka kujifungua. Sthapati naye huifungua sanamu macho kwa ibada. Wote wawili waliamini kwamba moto peke yake hautoshi.

Na shaba? Nayo tulikuwa nayo. Stanley alipofika Karagwe mwaka 1876, mfalme Rumanyika alimwonyesha nyumba yake ya hazina. Humo Stanley alihesabu bata 16 wa shaba ya manjano wenye mabawa ya shaba nyekundu, wanyama 10 aliodhani ni pofu, na ng'ombe 10 wa shaba wasio na vichwa, pamoja na mikuki na visu vya chuma vilivyomshangaza kwa uzuri. Shaba wakati ule ilikuwa bidhaa ya misafara, nyingine kutoka Katanga, nyingine ikiwa waya kutoka pwani. Tena Mhindi alishafika. Musa Mzuri, mfanyabiashara Mwislamu mwenye asili ya Surat, aliyekuwa na makao yake Kazeh, Tabora ya leo, alikuwa safarini Karagwe mwaka 1857 Burton na Speke walipofika nyumbani kwake. Speke aliandika kwamba Musa alimsaidia hata Rumanyika katika ugomvi wa kiti na ndugu yake Rogero. Hiyo ni zaidi ya miaka 30 kabla Emin Pasha hajaanzisha boma la Wajerumani hapa Bukoba, mwaka 1890!

Kwa hiyo madini ya wale bata huenda yalisafiri mbali sana. Bata wenyewe ni wa Karagwe. Je, hilo linawapunguzia Wanyambo chochote? Hata kidogo. Kama sarafu za China hazimfanyi simba wa Shanga kuwa Mchina, waya wa pwani haumfanyi bata wa Rumanyika kuwa mgeni.

Lakini unajua Speke aliandika nini baada ya kukaa kwa Rumanyika? Katika kitabu chake cha mwaka 1863 alieneza dhana kwamba watawala wa nchi hizi za maziwa ni watu wa asili ya Uhabeshi, waliokuja kuwatawala wenyeji. Aliona ufalme wenye mpangilio, akaona adabu na uzuri, akaamua lazima kuna aliyeleta. Dhana hiyo baadaye ilifundishwa mashuleni, na huko Rwanda na Burundi tunajua ilichochea nini. Ndiyo maana nasema swali la "nani aliwaletea" si la makumbusho peke yake. Linaweza kuua.

Sasa hapa ndipo penye mfupa. Sisi tuliokataa kuitwa watu wa kuletewa, mbona tunawafanyia wengine yale yale? Mhindi aliyezaliwa Bukoba, baba yake kazaliwa Bukoba, Kihaya anakiongea kuliko vijana wengi wa Dar wanaojiita Wahaya, bado tunamwita mgeni. Mwaka 1971 serikali yetu ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Mengi yalikuwa ya Waasia, na wengi wao wakaondoka nchini. Sheria ile haikutaja rangi ya mtu na ilikuwa na hoja zake za ujamaa. Ila vijiweni tuliitafsiri kivyetu. Mwaka uliofuata, ng'ambo ya Mutukula, Idi Amin hakuhitaji tafsiri. Aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Watu wengi walishangilia. Mwaka 1978 yule yule aliyekuwa anatangaza nani mgeni na nani mwenyeji alivuka mpaka, akadai ardhi ya kaskazini mwa mto Kagera ni yake. Wazazi wetu walioukimbia mkoa huu na magodoro kichwani wanalijua somo hilo.

Sisemi Wahindi wote walikuwa malaika dukani. Riba, mizani na dharau, wazee wanayakumbuka, na wana haki ya kuyasema. Ninachosema ni kwamba kosa la muuza duka lijadiliwe kama kosa la muuza duka. Lisigeuzwe kuwa hoja ya kwamba watu hawa hawana historia hapa. Simba wa Shanga ana zaidi ya miaka 900. Ni mzee kuliko Bukoba, kuliko Dar es Salaam, kuliko mipaka yote ya Wazungu.

Namalizia na jambo la vitendo. Sarafu ikiyeyushwa ikawa simba, tumepata simba lakini sarafu imekwenda. Leo mambo yanakwenda kinyume: kuna watu wanapita vijijini na mizani wakinunua vyuma chakavu. Mkuki wa babu, kengele ya zamani, bangili nzito ya shaba ya bibi, vyote ni kilo tu, na shaba ndiyo wanayoilipia vizuri zaidi. Kikiingia kwenye chungu cha kuyeyushia, hakuna profesa atakayejua kilikuwa nini. Kwa hiyo ukirudi nyumbani Krismasi, iwe ni Kitendaguro, Muleba au Karagwe, kabla hakijapimwa kwenye mizani kipige picha. Muulize mzee majina yake yote: kinaitwaje kwa lugha ya kwetu, nani alikifua, chuma au shaba yake ilitoka wapi, kilitumika siku gani. Ukiona kingine kwenye kabati la jirani yako Mhindi, muulize na yeye. Andika majibu. Usiogope yakipingana.